Kibarua akiugua, ni nani hupata hasara?

KATIKA mashamba makubwa ya majani chai Kericho, siku ya mchumaji hupimwa kwa kilo. Kikapu huinuliwa kwenye mizani, karani huandika nambari, na mwisho wa mwezi nambari hizo zikijumlishwa ndizo mshahara.

Nikiwa katika shule ya msingi, likizo nilikuwa nikizipitisha kwa shangazi yangu, ambaye alikuwa mchumaji katika shamba mojawapo la huko. Likizo moja nilimkuta ana malaria, anatetemeka asubuhi na kulowa jasho jioni. Zahanati ya kampuni ilikuwapo, tena matibabu yalikuwa ya bure. Lakini foleni yake ilikula nusu siku, na kwake nusu siku ilikuwa kilo 20 ambazo hangelipwa.

Basi alimeza tembe za kupunguza maumivu, akanichukua mimi na binamu yangu, tukaenda kumchumia. Kilo zake za wiki hiyo hazikupungua. Katika vitabu vya kampuni, shangazi alikuwa mzima wa afya.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu mipango ya siha kazini imekuwa mtindo. Kampuni kubwa hazikosi kurasa mbili tatu kuhusu afya ya wafanyakazi katika ripoti zao za mwaka, zikiwa na picha za watu wanaotabasamu. Chai, maua na miwa ni kazi zinazoajiri maelfu ya watu wa mshahara mdogo, na wanunuzi wa ng'ambo siku hizi huuliza maswali kabla ya kuagiza.

Swali langu kama mchumi wa kilimo ni dogo tu. Katika fedha zinazotumiwa kwa mipango hiyo, ni kiasi gani humfikia mtu aliye katika hali ya shangazi?

Siku ya afya na fulana

Mara nyingi kile kinachoitwa mpango ni siku moja kwa mwaka. Hema husimamishwa uwanjani, wauguzi hupima shinikizo la damu na uzani, mtaalamu hutoa hotuba kuhusu lishe bora na umuhimu wa mazoezi, kisha fulana zenye nembo ya kampuni hugawanywa. Kesho yake watu hurudi kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi kama kawaida.

Sisemi kwamba kupima shinikizo la damu ni kupoteza wakati. Wapo waliogundua maradhi yao katika mahema hayo. Lakini kumhimiza mtu anayepanda na kushuka mlima na kilo 10 za majani mgongoni afanye mazoezi ni jambo ambalo hata wachumaji wenyewe hulicheka.

Mipango ya aina hii, ya mafunzo na ushauri, imewahi kupimwa kwa makini nchini Marekani katika kampuni ya maduka ya jumla ya BJ's Wholesale Club. Kampuni hiyo ina wafanyakazi wengi wa mishahara ya chini, na utafiti ulihusisha takriban 33,000 kati yao katika vituo 160. Vituo 20 vilichaguliwa kwa bahati nasibu vikapewa mpango wa siha wenye masomo kuhusu lishe, mazoezi na kupunguza msongo wa mawazo. Vilivyobaki havikupewa.

Matokeo ya miezi 18 yalichapishwa mwaka wa 2019. Waliopata mafunzo walisema wanafanya mazoezi zaidi na wanajali uzani wao zaidi kuliko wenzao. Hata hivyo, walipopimwa, shinikizo la damu na uzani havikuwa tofauti kwa kiwango cha kuhesabika. Gharama za matibabu hazikupungua. Siku za kukosa kazi pia hazikupungua.

Jambo la kuvutia ni kwamba mmoja wa watafiti hao, Katherine Baicker, alikuwa miongoni mwa walioandika mwaka wa 2010 kwamba kila dola moja inayotumiwa kwa mipango ya siha huokoa zaidi ya dola tatu za matibabu. Makala hayo ya kwanza yalikusanya tafiti nyingi ambazo baadhi yake zililinganisha wafanyakazi waliojiunga kwa hiari na wale waliokataa. Anayejiunga kwa hiari mara nyingi huwa tayari anaijali afya yake. Bado utawasikia washauri wa kampuni wakitaja zile dola tatu.

Hasara isiyoandikwa

Kwa nini basi shamba lenye zahanati ya bure linaweza kuwa na wachumaji wanaofanya kazi wakiwa na homa? Jibu liko katika namna ya kulipa.

Mchumaji anayelipwa kwa kilo akishikwa na homa, akachuma kilo 25 badala ya 40, mwajiri humlipa za kilo 25. Ukitazama hesabu ya mishahara pekee, mwajiri hajapoteza chochote. Zile kilo 15 zimetoka mfukoni mwa mgonjwa. Ndiyo maana ukienda kwa meneja na pendekezo la kuboresha matibabu, swali lake la kwanza huwa ni faida yake iko wapi, na kwa hesabu aliyo nayo mezani, haulizi upuuzi.

Lakini hesabu hiyo haijakamilika. Kichaka cha chai hurudiwa kuchumwa kila baada ya siku 7 hadi 14, kutegemea mvua na mwinuko. Mzunguko ukichelewa kwa sababu watu wamelala nyumbani, majani mawili na chipukizi huwa yamekomaa na kuwa magumu. Kiwanda hupata majani duni, na mnada wa Mombasa haumwonei huruma mtu yeyote. Kuni na umeme wa kiwandani, mishahara ya wasimamizi na nyumba za wafanyakazi hulipiwa vilevile hata majani yakiwa machache.

Hasara hiyo imewahi kupimwa papo hapo Kericho. Watafiti walichukua rekodi za wachumaji waliofariki au kustaafishwa kutokana na maradhi yanayohusiana na Ukimwi kati ya 1997 na 2002, wakazilinganisha na za wenzao wa mashamba yale yale. Katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho, wagonjwa walichuma kati ya kilo 4 na karibu 8 pungufu kila siku. Mapato yao yalikuwa chini kwa asilimia 16 katika mwaka wa pili kabla ya kuacha kazi, na karibu asilimia 18 katika mwaka wa mwisho. Walichukua siku nyingi zaidi za ruhusa ya ugonjwa, na siku nyingi zaidi walihamishiwa kazi nyepesi.

Nikisoma takwimu hizo huwakumbuka wale watoto wawili waliojaza kikapu cha shangazi. Kilo zilizoandikwa kwa jina la mgonjwa si lazima ziwe zote ni za mikono yake.

Dawa za kupunguza makali zilipoanza kupatikana, picha ilibadilika. Utafiti mwingine uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka wa 2008 uligundua kwamba ndani ya miezi 6 ya kuanza dawa, uwezekano wa mgonjwa kuwa kazini uliongezeka kwa asilimia 20, na saa alizofanya kazi kwa wiki zikaongezeka kwa asilimia 35. Hapo hapakuwa na hotuba kuhusu mboga za majani. Palikuwa na maradhi yanayojulikana, dawa yake, na mtu wa kuifuatilia.

Malaria ni hivyo hivyo. Katika shamba kubwa la miwa nchini Nigeria, watafiti watatu wa uchumi, Andrew Dillon, Jed Friedman na Pieter Serneels, waliwapima wakataji malaria mahali pao pa kazi na kuwatibu waliopatikana nayo. Wakataji hao hulipwa kulingana na wanachokata. Mapato yao yalipanda kwa takriban asilimia 10 katika wiki zilizofuata.

Kuna jambo katika matokeo hayo ambalo sikulitarajia. Hata waliopimwa wakaambiwa hawana malaria walichuma pato zaidi. Inaonekana walikuwa wamejihisi wagonjwa, wakajihifadhi katika kazi nyepesi zenye malipo madogo, na walipojua ni wazima wakarudi kwenye ukataji wenyewe. Kwa kibarua anayeamka na mwili mzito kila asubuhi, jibu la uhakika ni mali.

Maji, kivuli na panga

Malaria na Ukimwi ni maradhi yanayomfuata mfanyakazi kutoka nyumbani. Yapo mengine ambayo kazi yenyewe huyaleta, na hapa wakataji miwa wetu wa Muhoroni, Chemelil na Awendo wana la kujifunza kutoka mbali kidogo.

Kwa miongo kadhaa, vijana wanaokata miwa katika pwani ya Pasifiki ya Amerika ya Kati wamekuwa wakifa kwa maradhi ya figo ilhali hawana kisukari wala shinikizo la damu. Kinacholaumiwa zaidi ni kufanya kazi nzito juani siku nzima bila maji na mapumziko ya kutosha. Mkataji anayelipwa kwa tani hapumziki. Kila dakika anayokaa chini anaihesabu kama pesa zinazompita.

Katika msimu wa mavuno wa 2014 na 2015, mpango mmoja ulijaribiwa nchini El Salvador. Wakataji walipewa mifuko ya maji ya kubeba mgongoni, kila mmoja wa lita 3 hivi. Mahema mepesi ya kivuli yalisogezwa shambani kadiri kazi ilivyosonga. Mapumziko mafupi yalipangwa na kusimamiwa, hayakuachwa kwa hiari ya mtu. Aidha, walipewa mapanga yaliyoundwa upya ili yasichoshe mkono na mgongo, wakafundishwa namna ya kuyatumia.

Mtu angetarajia tani zipungue kwa kuwa watu wanakaa chini zaidi. Kinyume chake, wastani wa mkataji mmoja kwa siku ulipanda kutoka tani 5.1 hadi 7.3.

Nitahadharishe hapa. Hilo lilikuwa jaribio dogo, mambo kadhaa yalibadilishwa kwa wakati mmoja, na siwezi kukuambia ni kiasi gani cha ongezeko hilo kililetwa na panga na kiasi gani na maji. Huenda panga ndilo lililofanya kazi kubwa. Lakini kwa mwenye shamba swali hilo si la dharura, kwa kuwa vitu vyote hivyo ni vya bei ya chini, na hakuna kati yavyo kinachohitaji daktari.

Huku kwetu, sehemu kubwa ya wakataji miwa huletwa na wanakandarasi. Mwenye shamba hamjui mkataji, kiwanda hakimjui, na mwanakandarasi anamjua kwa msimu mmoja tu. Ukiuliza nani anapaswa kubeba maji hadi shambani, kila mmoja humwonyesha mwingine kidole. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema wazi kwamba mwajiri lazima awape wafanyakazi maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Sheria hiyo hiyo humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kazini angalau siku 7 za likizo ya ugonjwa kwa malipo kamili, na 7 nyingine kwa nusu malipo, katika kila miezi 12.

Miezi 2 mfululizo ndicho kizingiti. Kibarua anayeitwa leo na kuachwa Ijumaa hafiki hapo, ingawa sheria pia inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla ya mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mkataba. Wengi hawaijui ibara hiyo. Nimewahi kukutana na waajiri wanaoijua vizuri sana, na ndiyo maana huwapumzisha watu wao siku chache kabla ya mwezi kutimia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kila mwajiri mwenye akili atajitolea kutibu watu wake kwa sababu ni faida kwake. Ukimtibu kibarua wa msimu, anaweza kwenda kuchuma kwa jirani yako wiki ijayo akiwa na nguvu ulizozilipia. Mwajiri mmoja peke yake ana sababu ya kungoja jirani aanze. Wote wakingoja, hakuna anayeanza.

Katika mashamba ya maua Naivasha, njia moja ya kuvuka kikwazo hicho imekuwa fedha za ziada zinazolipwa na wanunuzi wa Fairtrade, ambazo kwa maua ni asilimia 10 ya bei ya kuuzia nje. Fedha hizo haziingii katika akaunti ya mwajiri. Kamati ya wafanyakazi ndiyo huamua zifanye nini, na mara nyingi zimeelekezwa kwenye matibabu na karo. Sijui kampuni nyingi ambazo zingeupanga mgao huo kama wachumaji maua wanavyoupanga.

Zahanati ikiwa na macho ya msimamizi

Kuna jambo ambalo halimo katika bajeti yoyote, nalo ni imani. Mchumaji akishuku kwamba majibu ya kipimo chake yatafika kwa nyapara kabla hajafika yeye nyumbani, hatapima. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inamkataza mwajiri kumlazimisha mtu kupimwa ili apate kazi, na inakataza ubaguzi kazini. Lakini sheria haimzuii muuguzi kunong'ona.

Februari 2023 shirika la habari la BBC lilitangaza uchunguzi kuhusu wasimamizi katika mashamba ya chai Kericho waliowataka wanawake kimapenzi ili wapewe kazi au kazi nyepesi. Kumbuka kwamba kazi nyepesi ndiyo ambayo mgonjwa huhamishiwa. Ikiwa anayeitoa ni mtu mmoja, bila kibali cha muuguzi na bila orodha iliyo wazi, basi ugonjwa unamweka mwanamke mikononi mwake. Kampuni inayotaka kuanza mpango wa siha ingeanzia hapo kabla ya kununua fulana.

Mei mwaka huo huo mitambo ya kuchuma chai iliteketezwa Kericho na watu waliohofia kupoteza ajira. Wenye mashamba husema mtambo hauugui. Ni kweli, na kila siku ambayo mchumaji anachuma kilo 25 badala ya 40 huifanya hesabu ya mtambo ipendeze zaidi.

Ewe mkulima mdogo

Pengine msomaji unasema hayo ni ya makampuni. La hasha. Zaidi ya wakulima 600,000 huuza majani kupitia viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, na wengi wao huajiri mchumaji mmoja, wawili au watatu kwa kilo. Ukifanya hivyo wewe ni mwajiri, na huna zahanati.

Chukua mfano. Wachumaji wako 3 huleta kilo 40 kila mmoja. Mmoja akishikwa na malaria, akafanya kazi kwa siku 4 akipoteza kilo 15 kila siku, hizo ni kilo 60. Yeye amepoteza ujira wake. Wewe umepoteza tofauti kati ya bei ya kiwanda na ujira huo, pamoja na majani yanayokomaa kichakani. Zidisha kwa bei unayolipwa, kisha linganisha na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi zahanati, na ujira wa nusu siku uliomlipa ili asiogope foleni.

Huo ujira wa nusu siku ndio ninaousisitiza kwa kila mkulima anayeniuliza. Dawa ya malaria katika zahanati za umma haiuzwi. Kinachomzuia kibarua ni saa anazopoteza.

Pili, waulize kama wamejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Aliyeajiriwa kwa mshahara hukatwa asilimia 2.75. Kibarua asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na hali ya kaya yake, na wengi wamekata tamaa waliposikia mchango wa mwaka. Lakini huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hazidai mchango huo. Zinadai usajili tu. Usajili ni wa bure na unafanyika kwa simu. Msaidie asiye na simu.

Tatu, mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Katika maeneo ya malaria wengi wao hupima na kutoa dawa nyumbani, na hupita karibu na shamba lako bila wewe kujua.

Mengine ni ya jikoni. Mtungi wa maji uwe shambani, si nyumbani kwako juu ya mlima. Uji wa saa nne utafika iwapo utauanza saa tatu. Na kwa wale wanaoajiri wanawake wanaonyonyesha, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Kwa mwenye ekari moja, kibaraza chenye kivuli na mkeka kinatosha, mradi mama asikatwe kilo kwa dakika anazokaa hapo.

Kwa viwanda vyenyewe nina pendekezo ambalo nimelitoa katika mikutano miwili ya wakulima, na mara zote mbili lilizua kelele. Kila kituo cha kununulia majani kina siku na saa zake za kupokea. Wachumaji wote wa kijiji hukutana hapo, wakingoja lori, mara nyingi kwa saa nzima au zaidi. Muuguzi mmoja mwenye vipimo vya malaria na vya damu, akizunguka vituo hivyo, angewapata watu bila kuwanyima hata kilo moja. Gharama ingegawanywa kwa senti chache katika kila kilo ya majani ya wakulima wote, hivyo hakuna ambaye angemtibia jirani bure.

Mzee mmoja alisimama akauliza kwa nini alipe senti zake kutibu mchumaji wa mtu mwingine. Aliyeketi kando yake alimwuliza wiki iliyopita majani yake yalichumwa na nani. Mzee akataja jina, na watu wakacheka, kwa sababu mwezi uliotangulia mchumaji huyo huyo alikuwa kwa huyo jirani. Mkutano uliahirishwa bila uamuzi. Unatarajiwa kurudiwa baada ya malipo ya bonasi.